Kuchora kwa Moto na Kupaka Steni Vikasha vya Mbao: Dalili, Chanzo na Tiba

Kikasha kinapoonekana kimeharibika, mara nyingi kiliharibika zamani. Baka unaloliona leo baada ya kupaka steni lilizaliwa juzi, ulipofuta kwa kidole gundi iliyochuruzika. Mstari unaokatika leo ulianzia kwa muuza mbao, ulipochagua ubao kwa bei bila kuutazama nyuzi zake. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nitairudisha nyuma mpaka ilikoanzia, kwa sababu ukiitibu pale inapoonekana tu, itarudi kwenye kikasha kinachofuata.

Nazungumzia vikasha vidogo: vya udi, vya vito, vya zawadi za harusi. Vinachorwa kwa kalamu ya moto, au kwa chuma cha kulehemu kama kile cha mafundi redio, kisha vinapakwa steni, yaani rangi nyembamba inayozama ndani ya mbao bila kuficha nyuzi zake, na mwisho vanishi. Mpangilio wa kazi ni huo huo siku zote: msasa, mchoro wa penseli, moto, steni, vanishi. Usiupindue. Moto ukija juu ya steni au vanishi unaunguza kemikali, na moshi wake si wa kuuvuta.

Moshi unachoma macho na koo kuliko kawaida

Naanza na hili kwa sababu matatizo mengine yote yanaharibu ubao, hili linakuharibu wewe.

Tazama ubao wenyewe. Kama una ukijani kwenye nyuzi au ulinunuliwa kama mbao za dawa, uweke chini. Dawa nyingi za kuzuia mchwa kwenye mbao za kuezekea zina shaba, kromiamu na aseniki, na hakuna nakshi inayostahili kuvuta moshi wa aseniki. Vipande vya MDF (mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi) na plaiwudi vina gundi ambayo ikiungua hutoa formaldehaidi, gesi yenye sumu. Mbao zilizobanduliwa kwenye kitanda cha zamani huenda zina rangi au vanishi iliyozama. Mvule nao, hata ukiwa safi, vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi, na kwa kuwa ni wa kahawia tayari, mchoro wa moto haujitokezi vizuri juu yake.

Kama ubao ni safi na bado unakohoa, tatizo ni hewa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo, lakini gesi hupita. Kaa karibu na dirisha lililo wazi, weka feni ndogo pembeni ikivuta moshi kuupeleka nje. Isielekezwe kwenye kalamu. Sababu yake utaiona chini.

Mstari unatoka mweusi, mweupe, mweusi, mweupe

Hapa wanafunzi wengi hukata tamaa na kusema hawana mkono wa kuchora. Mkono hauna kosa. Huo ni ubao wa paini.

Mti wa paini huongeza tabaka mbili kila msimu: moja laini na jeupe, moja gumu na la rangi ya asali. Laini huungua upesi, gumu hukataa. Ncha ikipita juu ya matabaka hayo kwa mwendo mmoja, lazima mstari utoke kama ngazi. Paini zinazojaza maduka ya mbao Tanzania, nyingi zikitoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, zimekua haraka, kwa hiyo matabaka ni mapana na tofauti yake inaonekana waziwazi.

Kosa linalofuata ni kuongeza moto ili tabaka gumu likubali. Likikubali, laini linakuwa shimo. Fanya kinyume: punguza moto, pita mara mbili au tatu, ukichelewa kidogo kwenye tabaka gumu na kuteleza haraka kwenye laini. Mkono utajifunza mdundo huo baada ya jioni chache. Unapokwenda kununua, chagua ubao ambao mistari yake imesongamana na kwenda sambamba kwa urefu, uache ule wenye mawimbi mapana kama ramani ya vilima.

Kama kalamu inaacha ute unaonata na kutoa mapovu, umegusa utomvu. Hukaa zaidi karibu na vifundo, kwa hiyo panga mchoro uvikwepe.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuacha paini kabisa kwa vikasha vitatu vya kwanza. Saipresi, inayopatikana kwa urahisi Kenya na nyanda za juu za Tanzania, haina mifereji ya utomvu kama paini na matabaka yake hayatofautiani sana. Pwani, tafuta mwembe: ni mti unaochongewa ngalawa, mbao zake ni za rangi hafifu, lakini ukague kwa matundu ya wadudu na madoa ya ukungu, maana ukikatwa na kuachwa kwenye unyevu hushambuliwa upesi. Mkangazi ni mzuri kwa randa na msasa, ila wekundu wake hula mchoro mwembamba.

Kalamu ina moto, ubao hauungui

Dalili hii ina vyanzo vingi, na kila kimoja kina namna yake ya kujitambulisha.

Kwanza kagua ncha. Ikiwa na ganda jeusi, hilo ni makaa ya mbao ulizochoma, na makaa hayapitishi joto vizuri. Utaongeza moto, ganda litanenepa, utaongeza tena. Zima kalamu, iache ipoe, sugua ncha kwa brashi ya shaba au msasa mlaini sana. Mimi husafisha kila baada ya dakika kumi hivi. Ncha safi kwa moto mdogo huchora vizuri kuliko ncha chafu kwa moto mkubwa, na kama ungejifunza jambo moja tu kwenye kazi hii, ningependa liwe hilo.

Pili, kaza skrubu inayoshika ncha. Ikilegea, au shina la ncha likiwa na kutu pale linapoingia kwenye chuma, joto linabaki ndani ya mpini. Ishara yake ni mpini kuwa moto huku ncha ikisuasua.

Tatu, umeme. Chuma cha kulehemu cha bei nafuu hakina kidhibiti, kinafuata umeme unavyopanda na kushuka. Uwezo wake hupungua kwa mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, chuma cha wati 60 hubaki na takribani wati 45. Robo ya moto imeondoka na hukugusa kitu. Kama mistari yako inapauka saa moja na nusu jioni, mtaa mzima unapopika na kuwasha taa, na asubuhi inarudi kuwa mizuri, umepata jibu. Chora mchana, au nunua kalamu yenye kidhibiti cha joto.

Nne, feni. Upepo ukipiga ncha moja kwa moja huipoza, na kwa kuwa upepo hauji sawasawa, mstari nao hautoki sawasawa.

Tano, ubao mbichi. Ukigusa unasikia *shii* na unaona mvuke kabla ya moshi. Maji yanakula joto lote. Upime ubao kwa mzani wa jikoni, andika uzito, upime tena baada ya wiki. Ukiwa bado unapungua, haujakauka. Usiuanike juani kwa haraka, utapinda. Uegemeze ndani, penye hewa, pande zote mbili zikipumua. Ubao mbichi una adhabu ya pili: kikasha kitakauka baada ya kukamilika na kifuniko hakitafunga.

Nukta nyeusi mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari

Ncha inatua ikiwa na joto lililojilimbikiza, inasimama sekunde moja ukijiandaa kuvuta, na nukta inaumbika. Gusa kwanza kipande cha ubao kibovu ili joto la ziada litoke, kisha tua huku mkono umeshaanza kwenda, kama ndege anavyotua kwenye uwanja, na ondoka ukiwa bado unakwenda. Nukta iliyokwisha tokea unaweza kuikwangua taratibu kwa ncha ya wembe. Zikiwa nyingi, zifanye sehemu ya nakshi: weka nukta kila mwisho wa mstari, kwa makusudi na kwa ukubwa mmoja.

Kivuli cha kahawia kando ya mstari

Moto mkubwa, mwendo wa polepole. Mbao huanza kubadilika rangi karibu nyuzijoto 200, kwa hiyo ncha yenye nyuzijoto 400 haihitaji kugusa ili kuunguza jirani. Punguza moto kwanza, mwendo utajirekebisha wenyewe. Kivuli chepesi hutoka kwa msasa namba 320 uliokunjwa kwenye kipande cha kijiti.

Mstari unayumba, hasa kwenye mapindo

Chunguza msasa. Kama uliishia namba 120, ncha inaanguka kwenye mikwaruzo kama gurudumu kwenye korongo. Endelea 180, kisha 220, kila mara ukifuata nyuzi.

Baada ya hapo tazama mkono ulivyokaa, na hapa kikasha kina shida ambayo ubao bapa hauna: kina kimo. Ukichora kifuniko cha kikasha chenye kimo cha sentimita 10, mkono unaning'inia hewani. Weka pembeni yake vitabu au kipande cha ubao vyenye kimo hicho hicho, kiganja kilale juu yake. Vuta kalamu kuja kwako, usiisukume. Kwenye pindo, zungusha kikasha, kiwiko kibaki palepale.

Bora zaidi, chora mbao kabla hujaziunga. Kifuniko kichorwe kabla ya kugongelewa bawaba, na kuta zichorwe zikiwa zimelala. Hapo utaepuka pia kuchoma karibu na maungio, maana gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa joto na kona inaweza kulegea.

Wengi wanapenda kuanza kwa kuiga nakshi za milango ya Unguja na Lamu, kisha wanashangaa mchoro wao umekuwa bapa. Nakshi zile zilichongwa kwa patasi. Uzuri wake nusu ni kivuli kinachoingia kwenye mchongo jua linapozunguka. Kwenye moto kivuli hicho hakipo, lazima ukichome mwenyewe. Chagua upande mmoja ambao mwanga unatoka, na kila ua na kila pete ya mnyororo uitie weusi upande wa pili, kwa ubavu wa ncha na moto mdogo, taratibu. Ghafla ua litainuka kutoka kwenye ubao. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mistari ya mwongozo haitoki

Penseli haiungui. Weusi wake ni grafiti na utabaki chini ya vanishi miaka yote, kwa hiyo ufute kwa raba kabla ya steni. Karatasi ya kaboni ni mbaya zaidi: ina mafuta, haifutiki, na steni huikataa. Badala yake paka penseli laini nyuma ya karatasi yenye mchoro, ilaze juu ya ubao, pitisha kalamu ya wino juu yake kwa wepesi. Ukikandamiza, utaacha mfereji ambao ncha itaufuata hata usipotaka.

Steni imeweka mabaka

Kuna mabaka ya aina tatu, na yanatofautiana kwa umbo.

Mabaka *meupe*, yenye mipaka mikali, hasa karibu na kona, ni gundi. Ilichuruzika ulipobana, ukaifuta kwa kidole, ikaziba vinyweleo vya mbao. Steni haiwezi kuingia. Tiba ni kukwangua hadi chini ya gundi na kupiga msasa upande mzima, si pale tu, kisha kupaka upya. Safari nyingine, kabla ya steni, futa kikasha kizima kwa kitambaa chenye tapentaini: penye gundi patabaki pamepauka kwa dakika chache, nawe utapaona mapema.

Mabaka *meusi ya mawingu*, yasiyo na mpaka, ni ulaji usio sawa wa ubao wenyewe. Paini ni bingwa wa hili. Paka kwanza koti jembamba sana la sila, ile majimaji mafundi wanayopaka kuziba mbao kabla ya vanishi, ukiwa umeichanganya na thina nyingi. Ikauke, pitisha msasa 320 kama unapapasa, kisha steni. Rangi itakuwa nyepesi kidogo lakini itakuwa moja.

*Ncha za mbao* kuwa nyeusi tii, pale ubao ulipokatwa kwa msumeno, ni jambo la maumbile: hapo mirija ya mti imeelekea kwako na inanyonya kama mirija ya soda. Zipige msasa mlaini zaidi kuliko kuta, hadi 320, na uzipe sila mara mbili.

Kuna pia alama za vidole. Jasho na mafuta ya mkono, hasa kama ulikuwa unakula maandazi kazini. Futa kwa spiriti kabla ya kupaka.

Weusi wa mchoro umesambaa na kuchafua ubao

Mfereji wa mchoro umejaa masizi laini. Kitambaa chenye steni kikipita, kinayabeba na kuyaburuta. Kabla ya steni, piga mswaki mkavu ndani ya mistari yote, geuza kikasha ukigonge mgongoni, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke weusi. Mchoro ukiwa mzito sana, tanguliza sila nyepesi kwa kunyunyiza, si kwa brashi, ili iyashike masizi yalipo.

Steni ya maji ina shida yake ya ziada: inasimamisha nyuzi, na mistari myembamba inakuwa na manyoya. Zilowanishe mbao kwa kitambaa cha maji kabla hujachora, ziache zikauke, piga msasa 220 kidogo. Nyuzi zikishasimama na kukatwa mara moja, hazitasimama tena sana.

Mchoro umemezwa na steni

Steni ilikuwa nyeusi mno kwa mchoro huo. Rangi iliyo kwenye picha ya kopo haisemi kitu kuhusu ubao wako. Tengeneza kipande cha majaribio kutoka ubao uleule, chenye mistari uliyochoma kwa moto uleule, na upake hapo kwanza. Kama mambo yameshaharibika na mistari ina kina, kuna wokovu: funga msasa 220 kwenye kipande bapa cha mbao na upitishe juu. Uso utapauka, mistari iliyo chini haitaguswa, na unaweza kupata mwonekano wa zamani unaopendeza kuliko ulioukusudia. Mistari ya juujuu haitapona hivi.

Wanaotumia rangi za jikoni wanauliza sana kwa nini matokeo hayatabiriki. Chai kali hutoa kahawia laini, inayoaminika. Siki iliyolowekwa misumari yenye kutu kwa siku kadhaa, kwenye chupa isiyofungwa kabisa kwa kuwa inatoa gesi, hufanya kazi tofauti: haipaki rangi, inajibizana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mti na kwenye chai. Mti wenye tanini nyingi unakuwa mweusi, usio nayo unabaki wa kijivu. Ukipaka chai kwanza, ikauke, kisha siki hiyo, unakuwa umeupa ubao tanini na weusi unakuja. Manjano hutoa rangi ya kupendeza siku ya kwanza, ila mwanga wa jua huila upesi. Usimuuzie mtu.

Vanishi inanata, au imekuwa na ukungu mweupe

Kunata siku ya tatu kunatoka chini: steni ya mafuta haikukauka, au koti lilikuwa nene, au mbao ni za mafuta kwa asili, kama mtiki. Mtiki ufutwe kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka. Kilichokwisha nata kiache penye hewa na joto. Kisipokauka baada ya wiki, kiondolewe kwa thina na kuanza upya. Usiongeze koti juu ya koti linalonata.

Ukungu mweupe ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi ya thina inayokauka haraka. Ni ugonjwa wa masika, na wa pwani zaidi. Subiri siku kavu, saa nne asubuhi hivi, pitisha koti jembamba lililojaa thina. Mara nyingi ukungu unafunguka na kutoka.

Vitambaa ulivyofutia steni ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Vinapokauka vinazalisha joto, na vikiwa vimebanana vinaweza kuwaka vyenyewe usiku. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Kikasha cha udi kinanuka vanishi

Kilipakwa ndani. Harufu hiyo haina pa kutokea kila kifuniko kinapofungwa, na udi wa mteja unaibeba. Kiache wazi kivulini wiki mbili tatu, na vipande vya mkaa mkavu ndani yake, ukivibadilisha. Kikiwa bado kinanuka, piga msasa sakafu na kuta za ndani mpaka ubao mtupu. Vikasha vingine vitakavyofuata, ndani usipake kitu chochote. Acha mbao zinywe udi wenyewe.